Virtua Tennis 4, Mario Tennis Aces au TopSpin 2K25? Soma lawama kabla ya alama

Ukizitafuta gemu za tenisi kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, utakuta zimebanana sehemu moja. Mario Tennis Aces ya 2018 imesimama kwenye 75. TopSpin 2K25 ya 2024 ni jirani yake wa mlango wa pili. Virtua Tennis 4 ya 2011 iko chini yao kidogo, karibu na 70. Mtu mwenye nafasi ya kununua moja tu akizitegemea namba hizo atatoka kama alivyoingia, kwa sababu pengo la alama tano halimwambii kitu.

Weka namba pembeni, usome maneno. Hapo ndipo utaona kwamba gemu hizi tatu hazikulaumiwa kwa kosa moja. Virtua Tennis 4 ilisemwa kwamba imezeeka bila kukua. Mario Tennis Aces ilisemwa kwamba haina mengi ya kumpa mtu anayecheza peke yake. TopSpin 2K25 ilisemwa kwamba uwanjani haina shida, shida iko nje ya uwanja, kwenye hela na intaneti. Kwa hiyo kazi ya msomaji si kuuliza ipi ina alama nyingi. Ni kuuliza: lawama hii inanihusu mimi, au ilimhusu mhakiki tu?

Vigezo vinne, na kimoja nilichokiacha

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni mpira wenyewe: unavyoitika kwa kidole, na inachukua muda gani mgeni aache kubahatisha aanze kucheza. La pili ni saa za upweke, yaani gemu inakupa nini ukiwa huna mtu wa kushindana naye. La tatu ni pedi ya pili: kinachotokea mtu akikaa pembeni yako na kusema "nami nipe". La nne ni gharama inayokuja baada ya kununua. Sisemi bei ya dukani. Nasema kile gemu inachoendelea kukudai: mtandao, mashine ya zamani, au sarafu za ndani.

Picha nimeziacha kwa makusudi. Wahakiki wa mwaka 2000 walishangaa sana jinsi wachezaji wa Virtua Tennis walivyoonekana kama watu wa kweli kwenye Dreamcast, mashine ya nyumbani ya Sega. Ukizitazama leo, nyuso zile ni kama vinyago vilivyopigwa rangi kwa haraka. Ila washa mashine, cheza pointi tatu, na mpira bado ni ule ule mtamu. Sura huchakaa, mpira haujachakaa.

Tulifikaje hapa

Kabla ya kulinganisha, lazima tuzungumzie ile ya kwanza, maana ndiyo kipimo ambacho wahakiki wote hukitumia hata wasipoitaja. Sega waliitoa Virtua Tennis mwaka 1999 kwenye mashine za sarafu, zile za kusimama mbele yake na kutumbukiza hela. Japani inaitwa Power Smash. Mwaka 2000 ikahamia Dreamcast, na wastani wake kwa wahakiki ukapita 90. Kwa gemu ya tenisi hilo halikuwa jambo la kawaida, wala halijawa la kawaida tangu hapo.

Sifa zake zilitokana na ile sarafu. Mashine ya sarafu haina nafasi ya kukufundisha. Mtu ametoa hela yake, nyuma yake kuna anayengoja zamu, na asipoelewa ndani ya nusu dakika anaondoka. Kwa hiyo waundaji walipunguza kila kitu hadi kikabaki kiini: kimbia, bonyeza, elekeza. Wachezaji walikuwa wanane, wanaume watupu, wakiwemo Tim Henman, Jim Courier, Yevgeny Kafelnikov na Carlos Moya. Wanawake waliingia toleo la pili mwaka 2001, pamoja na Venus na Serena Williams.

Sasa ruka miaka kumi. Mwaka 2011 Virtua Tennis 4 ikatoka ikiwa na mpira ule ule kimsingi, na safari hii wahakiki wengi wakauliza: mbona mpira ni ule ule? Bahati mbaya nyingine ni kwamba wiki chache kabla yake ilikuwa imetoka Top Spin 4, ya ukoo mmoja na TopSpin 2K25, iliyojikita katika tenisi ya kweli, na wengi waliziweka mezani pamoja. Top Spin 4 ikapata wastani uliopita 80. Virtua Tennis 4 ikaonekana kama mjomba anayerudia hadithi moja kila sikukuu. Hadithi ni nzuri, ila wote mmeshaisikia.

Ninadhani hukumu ile ilikuwa ya haki kwa mhakiki na ya kupotosha kwa mnunuzi wa kawaida. Mhakiki alikuwa amecheza zote nne, pamoja na toleo la 2009. Wewe huenda hujacheza hata moja.

Mpira wenyewe

*Virtua Tennis 4.* Siri yake ni miguu. Ukifika mapema mahali mpira utakapoangukia na ukabonyeza kabla haujafika, mchezaji wako anasimama imara, anavuta raketi nyuma, na unapata nafasi ya kuuelekeza mpira hadi pembeni kabisa mwa uwanja. Ukichelewa, anapiga akiwa amepinda, na mpira unarudi katikati ukiwa dhaifu. Ukichelewa zaidi anajirusha kifudifudi na kubaki chini wakati mpinzani anapiga kwenye uwanja mtupu. Majibizano yanakuwa marefu, makosa ya kutoa mpira nje ni machache mno, na unachopigania ni nafasi: nani atamvuta mwenzake pembeni kwanza.

Toleo la nne liliongeza kipimo kinachojaa unapocheza kwa mtindo wa mchezaji wako, kikijaa unapiga pigo kubwa lenye mbwembwe za kamera. Wahakiki hawakulipenda sana, nami naona linakatiza mwendo. Kile cha kucheza kwa kupunga mkono mbele ya kamera nacho kilionekana kama kiraka, si nguo.

*Mario Tennis Aces.* Juu ya uso ni tenisi ya vikaragosi. Kila aina ya pigo ina rangi yake: mpira wa mzunguko wa mbele unaacha mkia mwekundu, wa kukata unaacha wa buluu, mnyoofu wa zambarau. Kwa hiyo unaweza kuusoma mpira angani ukajua ujibu na nini. Chini yake kuna gemu nyingine kabisa. Majibizano yanajaza kipimo cha nguvu, na nguvu hiyo unaweza kuitumia kwa njia tatu: kupunguza kasi ya muda ili uufikie mpira wa mbali, kulenga pigo kali kutoka kwenye nyota inayotokea uwanjani, au kukijaza hadi juu upige pigo maalumu la mhusika wako. Anayepokea pigo kali lazima akinge kwa wakati sahihi. Akikosea, raketi yake inaharibika. Raketi zikiisha, mechi imekwisha, hata kama alikuwa anaongoza.

Ndiyo maana wahakiki kadhaa waliandika kwamba hii ni gemu ya mapigano iliyovaa kaptula za tenisi. Hilo nililielewa vizuri siku niliyocheza na mtoto wa dada yangu. Nilikuwa mbele kwa pointi, nikikimbia kila kona, najiona fundi. Yeye alikuwa ametulia, hakimbilii hata mipira ya pembeni. Nikashangaa. Kumbe anaweka nguvu. Ghafla muda ukasimama, pigo likaja kifuani, nikakinga mapema mno, raketi ikapasuka. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaniangalia kwa huruma: "Mjomba, hujabakiwa na raketi." Sikuwa nimefungwa kwa pointi. Nilikuwa nimefilisiwa.

Kuna kanuni rahisi zinazozima mbwembwe hizo zote, na ukizichagua unabaki na tenisi nyepesi, safi, yenye mwendo mzuri. Wengi hawajui kwamba zipo.

*TopSpin 2K25.* Hapa hakuna muda unaosimama. Kuna mita. Unagusa kitufe kwa pigo la kulenga, au unakishikilia na kukiachia kwa wakati wake kwa pigo la nguvu. Karibu na mchezaji wako inatokea alama inayokuambia umewahi, umechelewa au umepatia, na ukipatia inang'aa kijani. Mapigo ni matano: mnyoofu, wa mzunguko, wa kukata, wa kupaisha na wa kudondosha karibu na wavu. Mchezaji anachoka, na akichoka mapigo yake nayo yanachoka. Mpira kutoka nje ni jambo la kila mara mwanzoni, na hapo ndipo watu waliozoea Virtua Tennis hukereka.

Wahakiki walikubaliana karibu wote kwamba sehemu hii ndiyo nguvu yake. Kuna shule ya ndani, inayosimuliwa na bingwa wa zamani John McEnroe mwenyewe, inayofundisha hatua kwa hatua tangu kusimama hadi kumchagulia mpinzani udhaifu. Usiiruke. Niliiruka, nikapoteza jioni nzima nikidhani pedi yangu imeharibika.

Saa za upweke

Hapa ndipo alama nyingi zilipopotelea, kwa gemu zote tatu, ila kila moja kwa njia yake.

Virtua Tennis 4 inakupeleka duniani kwa mtindo wa mchezo wa kete. Ramani ina vituo, nawe una tiketi zenye namba. Ukiwa na tiketi ya tatu unasonga vituo vitatu, upende usipende. Kituo kinaweza kuwa mazoezi, mapumziko, shughuli ya mashabiki au mashindano. Waliokuwa wakali walisema ni upuuzi mtu kuikosa michuano mikubwa kwa sababu ya namba ya tiketi, na siwezi kuwabishia. Lakini mazoezi yenyewe! Kuna moja ambapo unakusanya mayai uwanjani, yanaanguliwa, vifaranga wanakufuata mkia kwa mkia, nawe unawapeleka kwa mama yao huku mashine za kurusha mipira zikiwalenga. Unajikuta unapiga mbio za mwanariadha huku unaogopa kumwangusha kifaranga wa mwisho. Ukitoka hapo miguu ya mchezaji wako imepanda daraja, na wewe umejifunza kukwepa na kugeuka bila kusomeshwa. Sijui gemu nyingine ya michezo inayofundisha kwa ujanja wa namna hiyo.

Mario Tennis Aces ina hadithi: raketi ya laana imempagawisha Luigi, na kaka yake Mario lazima azunguke kutafuta namna ya kumwokoa. Inaanza kama mchezo wa watoto, halafu bila kukuonya inakuwa ngumu. Kuna mapambano na viumbe wakubwa ambayo utayarudia mara sita, saba. Kisha, baada ya saa chache, imekwisha. Ufupi huo na kupanda huko kwa ugumu ndiyo malalamiko makubwa ya mwaka 2018. Lingine lilikuwa kwamba siku ilipotoka, mtu hakuweza hata kupanga urefu wa mechi anavyotaka. Zilikuwa fupi tu. Ukumbuke pia kwamba toleo lililoitangulia, Ultra Smash la mwaka 2015, lilisemwa sana kwa kukosa mambo ya kufanya, kwa hiyo wahakiki walikuja wakiwa na kidonda.

Ukiwa peke yako, TopSpin 2K25 ndiyo yenye chakula kingi zaidi kwenye karatasi. Unaunda mchezaji wako na kuanza chini. Kila mwezi wa gemu una mazoezi, tukio maalumu na mashindano, na polepole unapanda hadi michuano yote mikubwa minne, yenye majina na viwanja vyake halisi: Australian Open, Roland-Garros, Wimbledon na US Open. Mashabiki wa tenisi walilipenda hilo, maana haki za majina hayo ni ngumu kukusanywa mahali pamoja. Lakini mzunguko ule ule wa mwezi ukirudiwa miaka mitano ya gemu unachosha, na hakuna watangazaji wa kuusindikiza, ni sauti za uwanja tu. Baadhi walisema ukimya huo unaliza. Mimi sikuumia, watangazaji wa gemu hurudia sentensi kumi hadi unazichukia.

Kuhusu wachezaji halisi, kuna kichekesho. Virtua Tennis 4, ya zamani, ina Roger Federer, Rafael Nadal na Novak Djokovic pamoja. TopSpin 2K25 ina Federer, Serena Williams, Carlos Alcaraz, Iga Swiatek, na wakongwe kama Pete Sampras, Andre Agassi na Steffi Graf, lakini ilitoka bila Nadal wala Djokovic. Kama ndoto yako ni kuirudia fainali fulani ya watu wale watatu, gemu ya zamani ndiyo inayoweza.

Pedi ya pili

Virtua Tennis 4 ni mwenyeji mwema. Unampa mgeni pedi, unamwambia "hiki cha kupiga, hiki cha kupaisha", na pointi ya nne tayari anakupigia kelele. Mechi ni fupi, zamu zinazunguka, na wanne wanaweza kucheza mbili kwa mbili. Yale mazoezi ya ajabu nayo yanageuka kuwa mashindano ya sebuleni. Pengo kati ya fundi na mwanagenzi lipo, ila mwanagenzi anapata pointi zake, na hazionekani kama sadaka.

Aces inategemea sana mmekubaliana nini. Mkizima mbwembwe, ni karibu sawa na Virtua Tennis kwa urahisi. Mkiziacha, anayejua kukinga atamvunjia asiyejua raketi zote ndani ya dakika mbili, na mgeni hatarudi. Kwa wawili wenye kiwango kimoja, hata hivyo, hakuna kati ya hizi tatu inayokaribia ukali wake. Kila mpira ni hesabu: nitumie nguvu sasa, au nimwache atumie yeye? Mashindano ya mtandaoni yalionyesha jambo hilo mapema. Gemu ilipotoka, mhusika mmoja, Bowser Jr., alikuwa na nguvu kupita kiasi hadi watu wakachoka kumuona, na alikuja kupunguzwa makali baadaye.

TopSpin 2K25 inakubali watu wawili sebuleni bila tatizo, ila si gemu ya kumkabidhi mtu aliyepita kusalimia. Atatoa nje mipira kumi mfululizo, na utatumia muda mwingi kumwelekeza kuliko kucheza. Mkiwa wawili mliopitia shule ya McEnroe, mambo ni mengine: mechi ya seti moja inaweza kuchukua nusu saa, mkiwa kimya, kila mmoja anajua mkono wa nyuma wa mwenzake ndio mbovu.

Gharama inayokuja baadaye

Kwa Virtua Tennis 4 tatizo ni mashine. Ilitoka kwa PlayStation 3, Xbox 360, Wii na kompyuta, kisha PlayStation Vita. Diski ya PlayStation 3 haisomeki kwenye PlayStation 4 wala 5, kwa hiyo kama huna mashine ya wakati huo ndani ya nyumba, unanunua vitu viwili vilivyotumika. Baada ya hapo haikudai kitu tena. Diski inaingia, mchezo unaanza.

Aces inachezwa kwenye Nintendo Switch, na Switch 2 inaikubali. Ilianza na wahusika 16, na masasisho ya bure yakawafikisha 30. Hili ni muhimu kwa anayesoma uhakiki wa zamani: sehemu ya malalamiko ya Juni 2018 yalikuwa kweli wakati ule na leo yamepungua makali. Alama haikubadilika, gemu ilibadilika. Kucheza mtandaoni kunahitaji usajili wa kulipia wa Nintendo.

TopSpin 2K25 ndiyo iliyochafuka zaidi hapa. Inatumia sarafu zake za ndani, VC, unazozipata kwa kucheza au kuzinunua kwa hela halisi, na kuna pasi za msimu za kufungulia vitu. Unaweza kucheza bila kutoa senti ya ziada, lakini gemu haikuachi usahau kwamba duka liko wazi. Jambo zito zaidi kwangu ni kwamba safari ya mchezaji wako inahitaji uwe umeunganishwa na intaneti, ingawa uko peke yako dhidi ya kompyuta. Mtandao ukikatika, safari imesimama. Na gemu za mpira wa kikapu za 2K, kampuni hiyo hiyo inayotoa TopSpin, zimekuwa zikizimiwa seva baada ya miaka michache, kwa hiyo swali la nini kitabaki siku ya TopSpin ikifika si la mtu mwenye wasiwasi wa bure.

Wahakiki wanapewa gemu siku chache kabla ya kutoka, wanacheza wiki moja, wanaandika. Mambo ya namna hii ndiyo wanayoyagusa kwa aya moja, na ndiyo wewe utakayoishi nayo mwaka mzima.

Kwa hiyo, kwa hali yako

Kama sebule yako huwa na watu, wengine wanajua gemu na wengine hawajui, na bado una PlayStation 3 au Xbox 360 iliyolala kabatini, Virtua Tennis 4 ingali na kazi. Lawama kubwa iliyoipata, kwamba haikuongeza jipya, haikuhusu wewe usiyecheza zile za nyuma. Lakini kama mashine hiyo huna, sikushauri uifukuzie kwa ajili ya gemu moja.

Kama una Switch na kuna mtu mmoja nyumbani mnayelingana naye kwa ubishi, ndugu, mwenzi au mtoto aliyekwisha kukuzidi ujanja, chukua Aces. Anzeni na kanuni rahisi kwa siku mbili tatu, kisha muwashe mbwembwe wote kwa pamoja, asiwepo aliyejifunza kwa siri. Kama huna mtu huyo na hupendi kucheza na wageni mtandaoni, basi wahakiki walikuwa wanazungumza nawe moja kwa moja: saa chache za hadithi, halafu gemu inakaa rafuni.

Ikiwa unaifuata tenisi ya kweli, unaamka usiku kuangalia fainali za Melbourne, unajua tofauti ya udongo na nyasi kwa jinsi mpira unavyoruka, TopSpin 2K25 itakulipa subira yako kuliko hizo nyingine. Ila jiulize kwanza kuhusu mtandao wako. Ukiwa unakatika mara kwa mara, sehemu utakayoipenda zaidi ndiyo itakayokutesa zaidi. Na ukiwa na udhaifu wa kununua vitu vya ndani ya gemu, unajijua.

Anayenunulia watoto wadogo, au wazazi ambao hawajawahi kushika pedi, huenda hahitaji yoyote kati ya hizi. Nintendo Switch Sports ya 2022 ina tenisi ambayo wahusika wanakimbia wenyewe, kazi yako ni kupunga mkono kwa wakati wake. Wahakiki waliiona nyepesi mno, nao hawakukosea: ni wawili kwa wawili tu, na fundi ataimaliza upesi. Bibi hataimaliza upesi.

Na kama umeshanunua moja ukaikuta haikukai, usiihukumu kwa jioni ya kwanza. TopSpin ipe shule yake yote kabla ya kuiuza. Aces icheze mara moja bila mbwembwe. Virtua Tennis 4 iwashe siku ambayo kuna mgeni, umpe yeye pedi nzuri, wewe uchukue ile yenye kitufe kinachonata.